Niliweka dau juu ya kichwa cha haramia, mbona amelichukua yeye?

Swali: Mtaalamu, mimi ni mgeni kwenye michezo ya anga za juu ya wachezaji wengi mtandaoni. Haramia mmoja alinivizia njiani, akakiangamiza chombo changu pamoja na shehena niliyoihangaikia wiki mbili. Kwa hasira nikaweka karibu akiba yangu yote iwe dau juu ya kichwa chake. Haikupita hata siku moja nikaona dau limeshalipwa lote, na yeye yuleyule yuko palepale anavizia watu, tena ananishukuru kwenye gumzo. Nilikosea wapi? Mifumo hii ya dau inafanyaje kazi, na je, upo wowote unaomuumiza mhalifu kweli?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Kwa jinsi ulivyoeleza, karibu nina hakika kwamba dau lako limo mfukoni mwa haramia wako. Alipanda chombo cha bei ya chini kuliko vyote, akamwambia rafiki yake ampige, au akafungua akaunti ya pili akajipiga mwenyewe. Kilichoungua ni bati tupu, na kilicholipwa ni akiba yako. Kikulacho ki nguoni mwako. Hukukosea kwa ujinga. Umenaswa na kasoro ambayo imewasumbua watengenezaji wa michezo hii kwa zaidi ya miaka 20, na ukiielewa hiyo utakuwa umeielewa mifumo yote.

Katika maisha ya kawaida dau la kichwa lina maana kwa sababu mtu ana kichwa kimoja. Akikamatwa amekamatwa, akifa hafi mara ya pili, na hakuna atakayekubali kufa ili agawane malipo na muuaji wake. Kwenye mchezo, mtu akiuawa anaamka kituoni akiwa na mwili mpya na chombo kingine. Kifo chenyewe hakina bei. Chenye bei ni vitu vilivyoangamia pamoja naye: chombo, silaha, vifaa, shehena, muda. Kwa hiyo unapokutana na mfumo wowote wa dau, usianze kwa kuuliza nani analipa wala kiasi gani. Uliza mlengwa anapoteza nini siku anapouawa. Malipo yakizidi hasara yake, dau lako limegeuka mshahara wake.

Mfano wa kufundishia ni EVE Online, mchezo wa kampuni ya CCP ya Iceland ulioanza mwaka 2003. Humo rubani hukaa ndani ya kapsuli, na chombo kikilipuka kapsuli hubaki ikielea. Ikilipuliwa nayo, rubani hufa na kuamkia kwenye mwili wa akiba. Katika mfumo wa zamani, aliyeivunja kapsuli ya mtu mwenye dau alilipwa dau lote kwa mkupuo. Sasa piga hesabu. Kapsuli ya rubani asiye na vipandikizi vya bei kichwani haina thamani ya kutajwa. Dau likiwa ISK milioni 100 (ISK ndiyo sarafu ya mchezo huo), mlengwa anapoteza kidogo sana na aliye upande wa pili wa bunduki anapata milioni 100. Maharamia wakubwa hawakuliogopa dau. Walilisubiri likue, kisha wakalivuna kama mkulima anayesubiri mahindi yakauke. Wahanga walikuwa wanachangia mfuko wa adui yao, kila mmoja akidhani analipiza kisasi.

Desemba 2012, katika toleo lililoitwa Retribution, CCP waliupindua mfumo huo kwa wazo moja ambalo mimi hadi leo naliona zuri. Dau halilipwi tena kwa mkupuo. Linakaa kwenye hazina, na kila mlengwa anapopoteza chombo, aliyemuua analipwa asilimia 20 ya thamani ya vilivyoangamia, mpaka hazina iishe. Ukiharibu chombo cha ISK milioni 200 unalipwa milioni 40. Haramia anayetaka kuzinyonya milioni zako 100 kwa kujiua itambidi ateketeze mali yake ya milioni 500. Kujiua kukaacha kuwa biashara. Vilevile iliruhusiwa kumwekea dau mtu yeyote, na hata kampuni au muungano mzima, bila kujali kama wana rekodi mbaya.

Huenda ukauliza kwa nini iwe 20 na isiwe 80, maana themanini bado ni pungufu ya mia. Jibu liko kwenye mambo mawili ambayo mgeni huyasahau. Bima ya chombo humrudishia mwenye chombo sehemu kubwa ya bei ya gamba lake. Na chombo kikilipuka si kila kitu kinateketea: katika EVE kila kifaa na kila mzigo una takriban nusu kwa nusu ya kunusurika, ukabaki kwenye mabaki ukingoja wa kuuokota. Muuaji akiwa rafiki, anaokota na kurudisha. Jumlisha bima, vilivyookotwa na malipo ya dau. Jumla hiyo yote ndiyo inayopaswa kubaki chini ya hasara, si dau peke yake. Mtengenezaji asiyehesabu bima atapanga asilimia inayopendeza kwenye karatasi, halafu ashangae wachezaji wanavyojilipua kwa foleni.

Je, mfumo huo mpya ulifanikiwa? Wizi uliisha, lakini uwindaji haukuanza. Asilimia 20 ya hasara ni kidogo mno kumtoa mtu nyumbani kumfuata haramia mifumo kumi ya nyota. Aliyekuwa anapigana alipigana kwa sababu zake mwenyewe, na malipo ya dau yakawa kama chenji anayoikuta mfukoni. Pia kwa kuwa dau dogo la mtu binafsi lilianzia ISK 100,000, ambazo ni sawa na bure, watu wakaanza kuwekeana dau kwa utani, kwa kutaniana bandarini, kwa kumkaribisha mgeni. Baada ya muda kila uso una alama ya kutafutwa, na alama ambayo kila mtu anayo haimwambii mtu chochote. Baadaye CCP waliuondoa mfumo huo mchezoni.

Kulikuwa na jambo la tatu, na hili liliwaumiza wageni wengi. Dau halikuwa ruhusa ya kuua. Mifumo ya nyota ya EVE hupimwa usalama kutoka 1.0 kushuka; kuanzia 0.5 kwenda juu, ukimshambulia mtu bila haki ya kisheria, polisi wa mchezo waitwao CONCORD wanakuja na kukiangamiza chombo chako, hata kama uliyempiga ana dau la mabilioni. Ruhusa ilikuwa kitu kingine kabisa: haki ya kuua, anayoipata mhanga baada ya kushambuliwa kinyume cha sheria. Haki hiyo hudumu siku 30, na tangu Retribution mhanga aliweza kuitoa kwa wengine, bure au kwa bei. Mtu aliyefuata dau bila kuangalia haki alipoteza chombo chake mwenyewe. Kwa hiyo tenganisha mambo mawili kichwani: pesa za kumuua, na sheria inayokulinda ukimuua. Michezo mingi huviweka mahali tofauti.

Njia ya pili ni ile ambayo dau halitoki mfukoni mwa mhanga. Elite Dangerous ya Frontier Developments, iliyotoka Desemba 2014, inafanya hivyo. Ukivunja sheria ndani ya eneo la serikali fulani, serikali hiyo ndiyo inayokuwekea dau. Makosa madogo huzaa faini tu. Kushambulia na kuua huzaa dau. Na dau lina mipaka. Uliyeua katika himaya ya kikundi kimoja unaweza kutembea kifua mbele katika himaya ya kikundi kingine, kwa sababu huko hawakujui. Ndiyo maana wawindaji hufunga skana ya hati za kuua. Skani ya kawaida inakuonyesha anadaiwa nini hapa ulipo. Ile ya hati inafukua na madeni ya kwingine, na yote unalipwa wewe. Mwindaji asiye na skana hiyo anaacha pesa mezani kila siku.

Mchezo huu nao ulikuwa na mwanya wake. Miaka ya mwanzo deni la damu lilifutika rubani akiuawa, na chombo cha kuanzia, Sidewinder, kilipatikana bure. Muuaji aliyemaliza kazi na chombo chake cha mamilioni alikiegesha salama, akapanda Sidewinder, akaenda kuuawa mahali fulani, akarudi safi. Ni hesabu ileile ya kapsuli tupu kwa nguo nyingine. Februari 2018, katika sasisho la 3.0, dau likafungwa kwenye chombo kilichotenda kosa. Ukikiegesha, deni linakusubiri humohumo, ukikipanda, unatafutwa. Juu ya hapo wakaongeza kipimo cha sifa mbaya, kutoka 0 hadi 10, kinachopanda kwa kila mauaji na kushuka nukta moja kwa takriban saa mbili za kucheza. Kipimo hicho kikiwa juu ya sifuri, wale mawakala wanaopokea madeni ya mbali kwa nyongeza ya asilimia 25 hawakupokei. Pesa hazikusaidii, unasubiri. Shikilia hilo la kusubiri, nitalirudia.

Kuna uamuzi mwingine wa Elite ninaoupenda: malipo hayaingii mfukoni papo hapo. Unapomuua mwenye dau unapata hati ya malipo, na hati hizo lazima uzifikishe kituoni. Ukifa njiani zinapotea zote. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa saa mbili kwenye pete za sayari nikiwinda, hati zikajaa, nikajiambia mmoja wa mwisho, na huyo wa mwisho akawa na wenzake watatu. Tangu siku hiyo najiwekea kiwango, nikikifikia narudi kituoni hata kama uwanja umejaa. Sheria hiyo ndogo ya hati inafanya uwindaji uwe uwindaji: inakulazimisha kupima tamaa yako dhidi ya hali ya ngao zako.

Ila nikuambie wazi, uwindaji mwingi wa Elite, na wa EVE pia, ni wa maharamia wa kompyuta, si wa watu. Hapo pesa hazihami kutoka kwa mchezaji kwenda kwa mwingine. Zinazaliwa upya, na zikizaliwa nyingi mno bei za kila kitu sokoni hupanda. EVE huwalipa wawindaji hao kila dakika 20, na tangu mwishoni mwa 2020 kiwango cha malipo hushuka katika mfumo wa nyota unaowindwa kupita kiasi, ili watu wasambae. Swali lako halihusu hao, kwa hiyo nayaacha hapo.

Twende kwenye tatizo ambalo naona ni gumu kuliko malipo: kumpata mtu. Anga ni kubwa na mlengwa ana mguu mmoja mlangoni, anaweza kuzima mchezo wakati wowote. EVE ina mawakala wa kutafuta watu. Unalipa, wanakutajia mfumo wa nyota alipo rubani fulani. Ukifika ameshaondoka, au amejifungia kituoni. Ndiyo maana michezo mizuri haimruhusu mtu kuyeyuka katikati ya pambano. Katika EVE, aliyepigana na mchezaji mwenzake akizima mchezo chombo chake hubaki angani dakika 15 kikisubiri kifo. Usipoliona jambo hili kwenye mchezo unaoucheza, jua kwamba dau la juu kiasi gani halitamkamata mtu mwenye kidole chepesi.

Wa kwanza kulitatua jambo hili kwa namna iliyonigusa walikuwa mchezo wa Star Wars Galaxies, uliofunguliwa mwaka 2003 na kufungwa Desemba 2011. Humo kuwa Jedi, yaani shujaa mwenye nguvu za ajabu wa hadithi za Star Wars, kulihitaji kazi ya muda mrefu sana, na Jedi alikuwa na nguvu kuliko wengine. Bei yake ilikuwa hii: kila alipotumia nguvu zake mbele ya macho ya wengine, kiwango chake cha kuonekana kilipanda, na kikipanda vya kutosha jina lake lilitokea kwenye orodha za wawindaji, ambao walikuwa na droidi, yaani roboti, za kunusa aliko. Akiuawa na mwindaji alipoteza alama za uzoefu, yaani saa na siku za jasho lake. Tazama jinsi mambo yalivyoshikana. Mlengwa alijiweka orodhani kwa matendo yake, si kwa hasira ya mtu mwenye pesa. Mwindaji alipewa njia ya kumfikia. Na hasara ilikuwa ya kitu ambacho huwezi kukinunua sokoni wala kukihamishia kwa rafiki. Watu waliocheza enzi hizo bado wanasimulia jinsi Jedi walivyojificha majangwani kufanya mazoezi. Woga huo haukuletwa na kiasi cha dau.

Hapo ndipo narudi kwenye kusubiri. Pesa unaweza kumpa rafiki akakurudishia. Chombo unaweza kununua kingine. Muda uliofungiwa hauna wa kukurudishia. Star Citizen ya Cloud Imperium wamelichukua wazo hili moja kwa moja. Mhalifu ana kiwango cha uhalifu, kutoka 1 hadi 5, na kikifika juu mchezo wenyewe unatoa kazi ya kumwinda kwa wachezaji wengine, ukiwaonyesha alama ya mahali alipo. Akiuawa haamki kwake. Anaamka Klescher, gereza lililo ndani ya mwezi wa Aberdeen, ambalo liliingia mchezoni Aprili 2020 katika toleo la 3.9. Kifungo kinahesabiwa kwa muda halisi. Anaweza kukipunguza kwa kuchimba madini humo gerezani, au kujaribu kutoroka kupitia mapangoni. Sasa jaribu ule ujanja wa haramia wako: rafiki ampige, wagawane malipo. Sawa, malipo wanapata, lakini yeye ameenda jela kweli. Ujanja bado upo, ila sasa una bei.

Kasoro hazikosekani. Kosa lisiporipotiwa halipo: mitambo ya mawasiliano ikizimwa, uhalifu wa eneo hilo hauandikwi, na maharamia wenye akili huanza na mitambo. Na mtu anaweza kumgonga mwenzake kwa bahati mbaya akajikuta ni mhalifu. Ndiyo maana mhanga huulizwa kama anataka kushtaki. Swali hilo fupi naliona ni jambo la utu, na natamani michezo mingi zaidi ingekuwa nalo, kwa sababu mashine haiwezi kutofautisha kosa la mkono na kosa la nia, lakini wewe uliyepigwa mara nyingi unajua.

Sasa wewe ufanye nini? Kwanza usirudishe hata senti moja kwenye dau la mkupuo. Fungua maelezo ya mchezo wako utafute mambo matatu: dau hulipwa lote kwa kifo kimoja au kwa sehemu ya hasara, linampa mwindaji ruhusa ya kisheria au la, na mlengwa akifa anabaki na deni, kifungo au kikwazo chochote. Kama majibu ni lote, la, na hakuna, basi mlango wa dau umefungwa, na dau lolote utakaloweka litaishia palepale lilipoishia la kwanza.

Pesa utakazopata tena zitumie kununua vitu ambavyo haramia hawezi kujiuzia. Taarifa ni kimojawapo: saa anazocheza, lango analopenda kuvizia, chombo anachokithamini na mahali anapokiegesha. Chunguza siku kadhaa ukiwa kwenye chombo chepesi kisicho na mzigo. Ukimjua, tafuta kikundi cha wapiganaji wa kukodi chenye historia inayoonekana, na mkubaliane malipo kwa kumbukumbu ya kuangamizwa kwa chombo kilichotajwa, si kwa jina lake kutokea kwenye orodha ya waliokufa. Mwambie wazi mkuu wao: akifa ndani ya chombo cha kuanzia silipi kitu, akipoteza kile cha kuvizia nalipa nusu, na kikianguka kile kikubwa alichokiegesha nalipa chote. Hapo umejitengenezea mfumo wa dau ulio bora kuliko ule mchezo uliokupa, kwa kuwa malipo yamefuata hasara. Lipa sehemu ndogo ya kuanzia na nyingine baada ya ushahidi. Na kama mchezo wako unampa mhanga haki ya kuua, angalia tarehe yake leo hii kabla haijaisha, kisha uwape haki hiyo hao uliowakodi.

Ukivutiwa na upande wa pili, kuwa mwindaji wewe mwenyewe, anza na maharamia wa kompyuta katika eneo lenye polisi. Skani kwanza hadi imalizike, ndipo upige, la sivyo unaweza kumpiga asiye na deni ukageuka wewe mhalifu. Katika Elite, polisi wakiwa wanampiga mtu uliyekwisha kumskani, risasi zako chache zinatosha kukupatia malipo yake. Chagua walengwa walio peke yao. Rudi kituoni mapema. Ukizoea, hamia maeneo yasiyo na polisi, na siku moja utamkuta haramia wako kwenye lango lake la siku zote, akiwa amezoea kukuona kama shehena.